Rodolaiti, Spineli na Rubi: Kuchagua Jiwe Jekundu Bila Kununua Giza

Chukua mawe matatu yaliyokatwa, uyapange juu ya karatasi nyeupe: la kwanza rodolaiti ya Bonde la Umba mkoani Tanga, la pili spineli ya Mahenge mkoani Morogoro, na la tatu rubi ya Mangari katika kaunti ya Taita Taveta nchini Kenya. Kwa jicho lisilozoea, hayo ni ndugu wa tumbo moja, na muuzaji asiye mwaminifu anaweza kuyabadilisha majina yake bila mnunuzi kushtuka. Hata hivyo mawe hayo yameumbwa tofauti, yanavumilia maisha ya mkononi kwa viwango tofauti, na bei zake zimeachana sana. Makala haya yanayalinganisha kwa ajili ya mtu anayetaka kutengenezesha pete, hereni au kidani na ambaye fedha yake ina mipaka.

Rodolaiti ni aina ya ganeti. Jina la ganeti lilitokana na neno la Kilatini linalohusu komamanga, na yeyote aliyepasua komamanga lililoiva na kuona punje zake zinavyong'aa ataelewa kwa nini. Ganeti ni ukoo wa madini wenye matawi kadhaa, na rodolaiti inasimama kati ya matawi mawili, yaani piropi yenye magnesiamu na almandini yenye chuma, huku sehemu ya piropi ikiwa karibu maradufu ya ile ya almandini. Chuma ndicho kinachotia rangi, na chuma kikizidi ndicho kinacholeta giza. Mwaka 1898 wataalamu wa madini Hidden na Pratt waliyaelezea mawe ya namna hii yaliyopatikana katika bonde la Cowee, North Carolina, nchini Marekani, na jina walilolitoa limeunganisha maneno ya Kigiriki ya waridi na jiwe. Leo biashara hutegemea zaidi mawe ya Afrika Mashariki, Madagaska, Msumbiji, Sri Lanka na India; kwa Tanzania, mbali na Umba, Komolo katika wilaya ya Simanjiro inajulikana kwa rodolaiti zenye waridi iliyochangamka.

Spineli ni oksidi ya magnesiamu na alumini, na rubi ni korundumu, yaani oksidi ya alumini. Nyekundu ya mawe haya mawili huletwa hasa na kromiamu. Kwa karne nyingi hata wafalme hawakuweza kuyatofautisha: jiwe kubwa jekundu lililo mbele ya taji la kifalme la Uingereza, liitwalo Rubi ya Black Prince, ni spineli. Mnunuzi wa kawaida akichanganya mawe haya hana sababu ya kujilaumu sana.

Rangi, na namna kila jiwe linavyoupokea mwanga

Watu wengi huiona tofauti hii wakiwa wamekwisha kulipa, kwa hiyo nitakaa hapa kuliko mahali pengine popote.

Rubi nyingi na spineli nyingi nyekundu, zikipigwa na jua, hufanya zaidi ya kurudisha mwanga: kromiamu iliyomo huufyonza sehemu ya mwanga na kuutoa tena ukiwa mwekundu, kana kwamba kuna kaa dogo ndani ya jiwe. Rodolaiti haina kaa hilo, kwa sababu chuma huzima mwako wa namna hiyo. Uzuri wake wote unategemea mambo mawili: jiwe liwe angavu vya kutosha kupitisha mwanga, na likatwe kwa pembe zitakazouzuia mwanga huo usitokee chini na kuurudisha kwenye jicho la mtazamaji. Ndiyo maana spineli iliyokatwa vibaya bado inaweza kupendeza, ilhali rodolaiti iliyokatwa vibaya hufa kabisa.

Rangi ya rodolaiti huanzia waridi yenye zambarau hadi nyekundu yenye zambarau nzito, na mfano ulio karibu zaidi na maisha yetu ni juisi ya choya. Mimina juisi hiyo kwenye glasi nyembamba, utaona waridi inayometa. Ijaze kwenye jagi, itakuwa nyeusi ingawa ni juisi ileile. Jiwe hufuata kanuni hiyohiyo, kwa kuwa kadiri mwanga unavyosafiri njia ndefu ndani yake ndivyo unavyozidi kumezwa. Kwa hiyo rodolaiti ya karati 2 (karati moja ya vito ni gramu 0.2) inaweza kuwa na uhai kuliko ya karati 6 iliyotoka kwenye kipande kilekile cha jiwe ghafi. Wakataji wenye uzoefu hulijua hili, na wakitafuta jiwe ghafi la kutoa kito kikubwa huchagua lile ambalo mkononi linaonekana limefifia kidogo, huku vipande vyenye rangi kali wakiviacha kwa ajili ya vito vidogo.

Mimi nilijifunza kwa hasara. Rodolaiti yangu ya kwanza ilikuwa na karati 5 na ushee, na muuzaji alinionyesha kwa kuishikia tochi kwa chini, ikawaka kama moto wa makaa. Nikalipa kwa furaha. Jioni ile, chini ya taa ya sebuleni, niliitazama juu ya kitambaa cha meza na haikuwa na tofauti na kokwa ya ukwaju: nyeusi, inang'aa kwa juu, ndani hakuna kitu. Jiwe lilikuwa halisi, na muuzaji hakusema uongo hata kidogo. Kosa lilikuwa kulitazama jiwe kwa mwanga unaotoka chini, wakati pete huvaliwa ikiwa imepokea mwanga kutoka juu.

Tangu hapo nina utaratibu ambao ningemshauri kila mnunuzi aufuate. Liweke jiwe kwenye kiungio cha vidole viwili vilivyobanwa, upande mpana ukiwa juu, kisha litazame dukani, halafu mlangoni kwenye kivuli, halafu chini ya taa ya kawaida ya manjano. Rodolaiti nzuri hubadilika kidogo kati ya sehemu hizo, lakini haizimiki popote. Ukiona weusi umeenea zaidi ya theluthi moja ya uso wake, bei yoyote utakayotajiwa ni kubwa. Kisha liweke juu ya maandishi ya gazeti: ukiweza kuyasoma kupitia katikati ya jiwe, basi lina dirisha, maana yake mkataji amelifanya bapa ili abakize uzito, na mwanga unapita moja kwa moja bila kurudi. Upande wa pili wa kosa hilo ni jiwe lenye kitako kirefu kupita kiasi. Nalo pia limeachiwa uzito kwa makusudi, na wewe utalipia karati zilizojificha ndani ya pete ambazo hakuna atakayeziona.

Ugumu na maisha ya kila siku

Kwa kipimo cha Mohs, kinachopanga ugumu wa madini kutoka 1 hadi 10, rodolaiti ina ugumu wa 7 hadi 7.5, spineli 8, na rubi 9. Tarakimu hizo huonekana kuwa karibu, lakini swali la kweli ni mchanga. Vumbi la nyumbani na la barabarani lina chembechembe za madini ya kwazi (quartz), ambayo ugumu wake ni 7, na kila unapoifuta pete kwa kanga kavu unalisugua jiwe kwa chembe hizo. Rubi haitajali. Spineli itavumilia miaka mingi. Rodolaiti inayovaliwa kila siku na mtu anayepika, kufua na kulima itaanza kupoteza ukali wa kingo zake baada ya miaka kadhaa, na itahitaji kung'arishwa upya. Kwa bahati njema ganeti haina mpasuko wa asili unaoifanya ikatike kirahisi kwenye mstari mmoja.

Kwa hiyo, kwa pete ya ndoa isiyovuliwa, mimi ningechagua spineli kabla ya rodolaiti. Kwa hereni na kidani, ambavyo havigongwi wala kusuguliwa, sioni sababu ya kulipia ugumu wa ziada, na hapo rodolaiti inashinda wazi.

Bei na yaliyofanyiwa jiwe kabla halijakufikia

Rodolaiti nzuri iliyokatwa vyema kwa kawaida huuzwa kwa makumi ya dola za Marekani kwa karati moja, na bora zaidi, zile kubwa zenye waridi inayong'aa bila giza, zinaweza kuvuka mia. Spineli ya Mahenge yenye waridi kali iko katika tabaka jingine, hasa tangu 2007, wakati fuwele za uzito wa kilo nyingi zilipopatikana Ipanko, karibu na Mahenge, na wanunuzi wa dunia nzima wakaanza kulitafuta jina la Mahenge. Rubi safi ambayo haijachomwa huanzia mamia na kufika maelfu ya dola kwa karati, na kadiri ukubwa unavyoongezeka ndivyo bei inavyopanda kwa kuruka.

Bei hizo zina upande wa pili ambao wauzaji hawautaji wasipoulizwa. Rubi nyingi sokoni zimechomwa kwa joto kali ili rangi na usafi wake viboreshwe. Jambo hilo linakubalika likitajwa. Lisilostahili kulinganishwa na rubi halisi ni zile zilizojazwa kioo chenye risasi, ambazo zilienea sokoni katika miaka ya 2000: jiwe lililojaa nyufa huloweshwa kioo hicho hadi likaonekana safi, lakini sonara akilipitishia moto, au mwenye pete akimwagia ndimu wakati wa kupika, kioo huharibika na nyufa kurejea. Rodolaiti haina habari hizo. Haichomwi ili kubadilisha rangi, haijazwi mafuta kwa mazoea ya biashara, na hakuna kiwanda kinachoizalisha kwa ajili ya soko la vito. Kwa mnunuzi asiye na maabara, sifa hiyo ina thamani kubwa: rangi unayoiona ndiyo iliyotoka ardhini, na swali linalobaki ni kama kweli jiwe lenyewe ni rodolaiti.

Vipimo vitatu visivyohitaji maabara

Kipimo cha kwanza ni sumaku. Sumaku ya kawaida ya kubandika kwenye friji haitoshi. Inahitajika ile ya neodimiamu, ambayo mafundi wa kompyuta huzitoa kwenye diski mbovu. Weka jiwe juu ya kipande cha povu la plastiki kinachoelea ndani ya bakuli la maji, usubiri maji yatulie, kisha sogeza sumaku taratibu bila kuligusa jiwe. Rodolaiti, kwa sababu ya chuma chake, huvutwa pamoja na povu lake kama mtumbwi unaokokotwa. Rubi haisogei. Spineli nyekundu kwa kawaida haisogei. Vioo vyekundu na rubi za kiwandani navyo hubaki palepale. Almandini huvutwa kwa nguvu zaidi kuliko rodolaiti, na mtu akishazoea huweza hata kupambanua hizo mbili kwa kasi ya kuvutwa.

Kipimo cha pili ni tochi ya mwanga wa urujuanimno, kama zile wanazotumia wenye maduka kukagua noti. Chumbani pakiwa na giza, rodolaiti hubaki kimya, wakati rubi ya Mangari na spineli nyekundu ya Mahenge huwaka wekundu. Kuna tahadhari mbili. Rubi zenye chuma kingi, ambazo Winza mkoani Dodoma imewahi kutoa, zinaweza kuwaka kwa udhaifu. Na jiwe linalowaka kwa ukali wa kupita kiasi halipaswi kukufurahisha haraka, kwa maana rubi za kiwandani huwaka hivyohivyo.

Kipimo cha tatu kinamfaa zaidi anayeshughulika na mawe makubwa, kwani kinahitaji mzani unaosoma hadi gramu 0.01. Pima jiwe likiwa kavu, kisha lipime likiwa limening'inizwa kwa uzi ndani ya maji. Tuseme likiwa kavu lina gramu 2.00 na ndani ya maji gramu 1.48, umepungua uzito wa gramu 0.52, na ukigawanya 2.00 kwa 0.52 unapata takribani 3.85, ambayo ni densiti (uzito kwa ujazo) ya rodolaiti. Spineli ya uzito huohuo ingesoma karibu 1.44 ndani ya maji, kwa kuwa densiti yake ni 3.60, na rubi ingesoma 1.50, kwa kuwa densiti yake ni 4.00. Gramu 2 ni karati 10, kwa hiyo kwa kijiwe cha karati 1 kipimo hiki hakitakusaidia.

Wapo wanaoamini kwamba kifaa cha kupimia mpindo wa mwanga kinamaliza ubishi wote. Hakimalizi, kwa sababu rodolaiti husoma karibu 1.76 na rubi husoma 1.762 hadi 1.770, na mpimaji mwenye haraka anaweza kuzichanganya. Tofauti yake ni kwamba rubi husoma namba mbili kwa pamoja na ganeti husoma moja tu. Spineli, ambayo nayo husoma moja, hujitenga kwa kusoma 1.718.

Ndani ya ukoo wa ganeti

Mara nyingi mnunuzi hachagui kati ya rodolaiti na rubi, bali kati ya rodolaiti na ganeti nyingine zilizo katika sahani ileile. Almandini ina wekundu unaoelekea kahawia na hutia giza mapema. Ni jiwe la bei nafuu, na kazi yake nzuri ni vijiwe vidogo vya kuzungushia pembeni. Kuna pia ganeti ya rangi ya chungwa iliyochanganyika na waridi, ambayo wachimbaji wa Umba waliokuwa wakitafuta rodolaiti waliitupa kando kwa kuwa haikuwa na mahali pake, wakaiita malaya. Baadaye ilipopimwa ikaonekana ni mchanganyiko wa piropi na spesatini, tawi jingine la ganeti, ikapata wapenzi wake, na sasa nje ya nchi jina hilo huandikwa kwenye hati na vibandiko vya bei bila aibu yoyote, maana wanaoliandika wengi hawajui wanachokisema. Malaya iliyo safi haipaswi kuhesabiwa kuwa rodolaiti iliyoharibika. Kwa ngozi nyeusi yenye wekundu wa shaba, hasa ikiwekwa kwenye dhahabu ya manjano, mimi huiona ikipendeza kuliko rodolaiti. Zambarau ya rodolaiti hukaa vizuri zaidi kwenye fedha na dhahabu nyeupe.

Kuhusu usafi, rodolaiti kwa kawaida hupatikana bila uchafu unaoonekana kwa macho matupu, kwa hiyo usikubali kulipa bei kamili kwa jiwe lenye ufa. Ukitazama kwa lenzi inayokuza mara 10 unaweza kukuta sindano nyembamba zinazokatizana. Hizo ni za asili na hazipunguzi chochote zikiwa chache. Vipovu vya mviringo ni habari nyingine, kwa kuwa huashiria kioo.

Mahali pa kununua na la kumwambia sonara

Kwa upande wa Tanzania, biashara ya mawe ghafi inasimamiwa na Sheria ya Madini ya 2010 na hufanywa na wenye leseni, na tangu 2019 serikali imefungua masoko ya madini katika mikoa mbalimbali. Anayetaka jiwe moja la pete hana sababu ya kuingia kwenye biashara ya mawe ghafi ya mitaani, ambako atalipia jiwe asilojua litakatwaje na huenda akajikuta amevunja sheria. Anunue jiwe lililokatwa kwa muuzaji mwenye leseni, adai risiti inayotaja jina la jiwe na uzito wake kwa karati, na kama anasafiri nalo nje ya nchi aulize mapema kuhusu kibali badala ya kulijibia swali hilo uwanja wa ndege. Arusha pana urahisi wa ziada kwa sababu wakataji ni wengi, na Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichopo mjini humo hufundisha ukataji na utambuzi wa vito.

Kwa fedha ileile, ukilazimika kuchagua kati ya rodolaiti ya karati 4 iliyo nzito na ya karati 2 iliyochangamka, chukua ndogo. Ukilazimika kuchagua kati ya rodolaiti bora na rubi dhaifu yenye mawingu na nyufa, chukua rodolaiti, isipokuwa kama jina la rubi lenyewe ndilo unalolihitaji kwa ajili ya posa. Ukiwa na uwezo wa spineli ya Mahenge na pete ni ya kila siku, usisite.

Sonara naye apewe maelekezo mawili kabla hajawasha moto. Asifunike mgongo wa jiwe kwa bati la dhahabu, bali auache wazi ili mwanga uingie pia kwa nyuma, kwa maana rodolaiti iliyofungwa nyuma hupoteza nusu ya uhai wake. Na siku pete itakapohitaji kupanuliwa au kuungwa, alitoe jiwe kwanza, kwa sababu ganeti haipendi joto la ghafla na inaweza kupasuka hapohapo juu ya benchi lake.